Hipnosisi si mazingaombwe

Mhariri,

Inaniuma kuona hipnosisi, yaani kumwongoza mtu kwa maneno hadi umakini wake uzame katika jambo moja, ikitiwa kapu moja na mazingaombwe. Tangu 1992, hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, imeitumia kuwapasua maelfu ya wagonjwa, hata tezi ya shingoni, bila kuwapa dawa ya usingizi kamili. Mgonjwa huchomwa ganzi pale panapopasuliwa, hupewa dawa kidogo ya kumtuliza, kisha daktari wa usingizi humsemesha taratibu akimrudisha kimawazo mahali anapopapenda. Hajalala wala hajaporwa hiari. Umakini wake wote umehamia huko, na maumivu hupungua makali. Si wote wanaozama sawasawa. Na anayeahidi kuponya kila ugonjwa kwa njia hii, tumkimbie. Naomba vyuo vyetu vya tiba viwafundishe madaktari wa usingizi mbinu hii.

Msomaji wako,
Morogoro