Wasichana tunawafungia ndani, kisha tunawaita mabonge

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyesema kuwa wasichana wananenepa kuliko kaka zao kwa uvivu na chipsi, na kwamba ndivyo walivyoumbwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu sare za shule.

Zamani sketi ya darasa la sita niliikata kwa kukisia, kiuno nakijua. Siku hizi nikikisia, zipu haifungi. Naacha akiba ya mshono pembeni, natia lastiki nyuma, na bado ikifika Juni mama mtu yuko mlangoni na sketi mkononi. Wavulana nao hurudi, ila suruali zao zimechanika magotini kwa chandimu.

Hilo la kuumbwa halinishiki. Binti yangu anayesomea uuguzi alinionyesha takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022: kati ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 duniani, wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 19 kwa wasichana na 21 kwa wavulana. Mwaka 1990, wote kwa pamoja, walikuwa asilimia 8. China nako wavulana ndio wamezidi. Ukija Afrika Kusini mambo yanageuka, wasichana wanawaacha wavulana mbali. Niue na Visiwa vya Cook, huko Pasifiki, ambako vyakula vya kuagiza nje vimewatoa mezani samaki na magimbi, wameshika nafasi za juu kabisa kwa watoto wenye unene wa kupindukia. Maumbile gani hayo yanayobadilika ukivuka mpaka?

Chipsi sizitetei, wala soda inayouzwa getini mwa shule. Lakini kaka yake anakula sahani hiyo hiyo, kisha anatoka kwenda kucheza. Msichana anabaki na vyombo, mdogo wake mgongoni, tuisheni, madrasa. Akivunja ungo ndiyo basi, hata rede haruhusiwi, na uwanja wenyewe wa rede mtaani kwetu umeshajengwa fremu za maduka. Shirika hilo hilo linataka mtoto apate angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kwa takwimu za mwaka 2016, asilimia 85 ya wasichana duniani wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma hawakuzifikia. Wavulana ni 78, nao si wa kusifiwa.

Akiwa mdogo tunamsifu kanawiri. Akifika kumi na nne shangazi anamwita bonge mbele ya wageni. Wapo wanaoniomba nisitaje namba ya kiuno kwa sauti, nami huiandika kimya kimya.

Walimu wakuu, kila mwaka mnaniagizia jezi za wavulana. Nikiuliza za wasichana, naambiwa watacheza na sketi. Marinda yale, mtoto ataruka vipi? Mimi nashona suruali pana, fulana ndefu ya mikono mirefu na hijabu fupi isiyodondoka, na bei haipishani sana na jezi. Sampuli ninazo dukani. Ila kabla ya kuagiza, mniambie kwanza ni siku zipi za wiki uwanja utakuwa wao.

Fundi wa sare,
Ngamiani, Tanga