Msanii aitwe kabla ya lipu, si baada ya rangi ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo huzungumzwa kila linapoinuka jengo kubwa katikati ya jiji, nalo ni kuwapa wasanii wa mahali hapo kazi ya kulipamba. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni wakati ambao msanii huitwa. Mara nyingi huitwa mwishoni kabisa, mkandarasi akiwa anakaribia kukabidhi funguo na fedha zikiwa zimekwisha, akaonyeshwa ukuta uliobaki mtupu na kuombwa aufanyie jambo. Kazi inayozaliwa hivyo huwa kiraka juu ya jengo, hata kama aliyeifanya ana kipaji kikubwa.

Nimesimamia ujenzi kwa miaka mingi, na nimeshuhudia picha nzuri mno ikibambuka kabla wapita njia hawajaizoea. Mchoraji hakuwa na kosa lolote. Ukuta aliopewa ulikuwa umepigwa lipu muda mfupi uliopita, na kila fundi anajua kwamba lipu mbichi ya saruji bado ina maji ndani yake na ni kali kiasi cha kuiharibu rangi ya mafuta, kwa hiyo huachwa majuma kadhaa ikauke. Yeye hakupewa majuma hayo, kwa sababu siku ya ufunguzi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Juu ya hayo, bomba la kushushia maji ya mvua lilikuwa limepitishwa katikati ya ukuta uleule, na lilipoanza kuvuja lilichora michirizi yake juu ya nyuso alizozichora. Kama mchoraji huyo angekuwapo siku michoro ya jengo ilipokuwa mezani, msanifu majengo angelihamisha bomba lile kwa kalamu na kifutio, bila gharama yoyote.

Kumwita msanii mapema kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba sanaa ya jengo ni picha ya ukutani tu. Mchongaji aliyehusishwa tangu mwanzo anaweza kuchonga mbao za kumwagia zege, ili nakshi itoke pamoja na ukuta wenyewe na isibanduke kamwe. Mhunzi anaweza kupewa mageti na nondo za madirisha, vitu ambavyo vingenunuliwa kwa vyovyote vile, na mtengeneza mozaiki akapewa sakafu ya ukumbi wa kuingilia. Fedha za vitu hivyo tayari zimo katika hesabu za jengo, na kinachobaki ni kuamua mapema nani atavitengeneza.

Kwa gharama zinazozidi hapo, wako waliotutangulia kufikiri. Ufaransa iliweka mwaka 1951 utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya gharama za ujenzi wa majengo ya shule na vyuo kwa ajili ya kazi za sanaa, na baadaye ikaupanua hadi kwenye majengo mengine ya umma. Jiji la Philadelphia nchini Marekani lilipitisha sheria yake ya asilimia 1 mwaka 1959. Nguvu ya utaratibu huo imo katika kutengwa kwa fedha siku ya kwanza, kwa sababu kinachongojea masalio hakipati kitu. Na fedha hizo zisihesabiwe kuwa ni za rangi na brashi. Ndani yake mna ujira wa msanii, jukwaa la kupandia, bima, ushauri wa mhandisi pale panaponing'inizwa kitu kizito, na akiba ya kusafisha na kukarabati katika miaka inayofuata.

Hapa lazima niseme wazi kuhusu zabuni. Saruji hununuliwa kwa kulinganisha bei, kwa sababu mfuko uliokidhi kiwango hautofautiani na mwenzake. Sanaa haichaguliwi hivyo, na mwenye jengo anayempa kazi aliyetaja bei ya chini kabisa atapata kazi ya chini kabisa. Njia ya haki ni kutangaza mwaliko wazi, kutazama kazi ambazo wasanii wamekwisha kuzifanya, kuchuja hadi wabaki watatu au wanne, kisha kila mmoja wao alipwe kwa kuandaa pendekezo lake. Nasisitiza alipwe. Kumwomba mtu achore, apime ukuta na atengeneze mfano mdogo kwa ahadi ya kujulikana ni kumnyonya, na anayeumia zaidi ni kijana anayeanza, ambaye hana akiba ya kumvusha mwezi huo.

Mkataba nao uandikwe, na useme waziwazi jengo likibadilishwa au kubomolewa itakuwaje. Mjini New York, mwenye majengo yaliyojulikana kwa jina la 5Pointz alizipaka kazi za wachoraji rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru awalipe wasanii dola milioni 6.75. Kifungu kimoja kinachoeleza notisi ya siku ngapi itatolewa huwakinga wote wawili, msanii na mwenye mali.

Lakini wapo wanaodhani kwamba msanii akiwa mwenyeji basi kila kitu kimekamilika, nami siafikiani nao. Mchongaji Richard Serra alikuwa mkazi wa New York, na bado ukuta wake wa chuma wenye urefu wa mita zipatazo 36, uliosimamishwa mwaka 1981 mbele ya jengo la ofisi za serikali katika jiji hilo, ulilalamikiwa na wafanyakazi waliolazimika kuuzunguka kila siku, hadi ukaondolewa mwaka 1989. Wanaopita mlangoni kila asubuhi, wakiwamo walinzi na wafagizi, waketi na msanii kabla hajaanza kuchora. Wasipige kura juu ya kila mstari, maana kamati haichori, lakini wamweleze wanaingilia wapi, jua linawapiga saa ngapi, na wanapenda kupumzika upande gani.

Kwa hiyo ninawaomba wenye majengo na halmashauri za miji ambao michoro yao ingali mezani sasa: katika orodha ile yenye msanifu majengo, mhandisi na mkadiriaji majenzi, liongezwe jina la msanii kabla msingi haujachimbwa.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa ujenzi mstaafu