Krimu gani? Tuandikieni namba

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi niseme na wauza rangi wa hapa Wete, maana dukani nimeshasema na sikusikilizwa.

Tulikuwa tunapaka ukumbi kwa harusi ya binti yangu. Nilichagua rangi kwenye kadi, nikachukua ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji. Haikutosha. Nikamtuma kijana duka lile lile akaongeze lita nne za koridoo. Risiti zote mbili zimeandikwa "krimu", basi. Rangi ilipokuwa mbichi hatukuona kitu. Asubuhi ya pili jua limeingia dirishani, naiangalia kona ukumbi unapokutana na koridoo: upande mmoja mweupe wa kasimele, upande wa pili kama kanzu iliyofuliwa kwa maji ya kisima.

Fundi akaniambia, "Mwalimu, zote nyeupe tu hizi." Muuzaji naye: "Krimu ni krimu, mama."

Krimu si krimu. Nilichukua vifuniko viwili vyenye rangi iliyokauka, nikakaa navyo barazani na kadi mkononi. Ya ukumbi ni RAL 1013, ya koridoo RAL 9001. RAL ni utaratibu wa Wajerumani wa kuzipa rangi namba, ulioanza mwaka 1927, na tarakimu ya mwanzo inataja ukoo: 1 ni manjano, 9 ni nyeupe na nyeusi. Kwa hiyo 1013, ambayo ukiiona peke yake utaapa ni nyeupe, ni ya ukoo wa manjano, tena ina ukijivu ndani. Usiku chini ya taa nyeupe kali inapauka kama majivu; nilipotia globu ya mwanga wa manjano ikatulia. 9001 haina tabu hiyo, na ningejua mapema ningepaka nyumba nzima.

Ninachoomba ni kidogo. Andikeni namba kwenye risiti na juu ya kifuniko. Na mtu akitaka lita moja akajaribu ukutani kwake, mpimieni bila ya kumnunia. Kipande cha kadi kama stempu hakimwonyeshi mtu ukuta.

Pale konani tumesogeza kabati la vyombo. Mlango wake mmoja sasa haufunguki.

Mwalimu mstaafu,
Bopwe, Wete, Pemba