Nimekaa nikitazama mfuko wa mkojo

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Simu zako nimeziona zote, na ujumbe wa Zuhura pia. Usinikasirikie. Tangu Mama aanguke sijui Jumatatu wala Jumapili, na kwenye simu ningelia tu, ndiyo maana naandika.

Leo ni siku ya tisa yuko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi. Mshtuko wa moyo. Mshipa ulioziba waliuzibua usiku uleule, lakini msuli wa moyo ulikuwa umeshaumia, nguvu ya kusukuma damu ikawa haitoshi. Siku za mwanzo alilazwa kwa dawa ya usingizi, mpira wa kupumulia mdomoni, dawa ya kupandisha presha ikiingia kwa pampu, na kifundoni mwa mkono kamrija ndani ya mshipa ili presha isomeke kila pigo. Nilipomwona nilishika ukuta.

Sasa sikia. Kila saa nesi anainama kando ya kitanda, anasoma mkojo kwenye mfuko, anaandika. Moyoni nilikasirika: mtu anaumwa moyo, huyu anapima mkojo! Usiku wa pili nikamuuliza. Akavuta kiti, akaniambia kuwa kama moja ya tano ya damu yote itokayo moyoni hupita kwenye figo, kwa hiyo moyo ukilegea mkojo nao unapungua mapema. Kwa mtu wa kilo 60 kama Mama wanataka angalau mililita 30 kwa saa. Saa ile alikuwa na 12. Rehema, niliutazama ule mfuko kama mkulima anavyotazama mawingu. Saa kumi alfajiri, 18. Saa moja asubuhi, 35. Nesi hakusema kitu, alinibinya bega tu.

Ving'ora vya mashine navyo vilinitoa roho, hadi nilipojua kuwa vingi hulia kwa sababu kibandiko cha kifuani kimelegea. Daktari wa zamu akanieleza kuwa zamani wagonjwa hawa walitawanywa wodini, mapigo yakivurugika mtu anakutwa amekwisha. Mwaka 1961 daktari mmoja Mwingereza, Desmond Julian, akataka wakusanywe mahali pamoja, mapigo yaangaliwe saa zote, na wauguzi nao wafundishwe kuuamsha moyo uliosimama. Nami siku zote nilidhani ICU ni mashine! Kumbe ni yule anayeinama kila saa. Kaka Salim anapiga kuuliza "anatoka lini" basi, hata hajui... tuyaache.

Mpira wa kupumulia wameshautoa. Sauti imekwaruza, neno lake la kwanza: "Mbona umekonda?" Mkojo wa leo asubuhi ni 50. Kinachonitesa sasa ni usiku: anachanganyikiwa, anavutavuta shuka, anamwita Shangazi Mwajuma kana kwamba yu hai. Wanasema huwapata wengi humu na mara nyingi hupita, nimvalishe miwani yake, nimtajie siku na saa.

Wewe ulikaa na Baba mwezi mzima. Naye alikuwa hivi? Ilichukua siku ngapi? Alipowaita marehemu ulimjibu nini, ulimkatalia au ulimwitikia? Ulilala vipi? Na Ijumaa unaweza kuja ukae naye usiku mmoja tu? Jina lako nimeshamwachia nesi.

Wako,
Halima