Mtoto yule haitwi Essy

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa 19 huu na sijawahi kukuandikia, hata mlipotutangazia kwamba Kayole maji yanatoka kila siku. Lakini ile taarifa ya Jumanne, yenye picha ya waheshimiwa wameshika kadi kubwa ya karatasi, ati familia za wakimbizi hapa Nairobi "zimefikiwa" na huduma za afya, imenikwama kooni. Zimefikiwa na nani?

Jirani yangu ni mama mkimbizi wa kutoka Uvira, Kongo. Mwanawe wa miaka 7 ana selimundu, ule ugonjwa wa damu tunaouita sikoseli, na baridi ya Julai ikiingia tu, mifupa humwaka moto. Juzi ilimshika usiku. Alfajiri tukampeleka hospitali moja ya umma, jina nalihifadhi. Mimi nikakimbilia nje kutoa fotokopi ya kitambulisho, maana bila kopi hakuna faili, naye akafika dirishani peke yake. Karani akauliza mtoto ana nini. "Mutoto yangu ni esi-esi." Huko kwao ndivyo wanavyoiita selimundu: SS, kama daktari anavyoitamka kwa Kifaransa. Karani akaandika. Niliporudi, mtoto alikuwa amejikunja kwenye benchi la chuma, leso ya mamake imemfunika hadi kichwani, na muuguzi anaita mlangoni, "Essy! Essy yuko wapi?" Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kisha akaita mwingine. Tulikaa tangu saa moja hadi saa tano, mpaka nilipochungulia ile faili. Jina: Essy. Jinsia: ya kike. Mvulana, Mhariri! Na mgonjwa wa selimundu akiwa na maumivu hatakiwi kupigwa na baridi wala kushikwa na kiu. Huyu alilala juu ya chuma bila tone la maji, kwa sababu mamake aliogopa kutoka, asije akaitwa hayupo. Nilipomweleza karani, akacheka. "Nyinyi Wakongo mjifunze Kiswahili." Anamwambia hivyo mama ambaye, ukiondoa Kifuliiru, lugha ya kwao, hana lugha nyingine ila Kiswahili.

Na hicho Kiswahili chenyewe kiko wapi? Ilipoamuliwa mtoto aongezwe damu, fomu ya ridhaa ilikuja kwa Kiingereza kitupu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi, lakini pale ukutani nilikiona mahali pawili tu: "Lipa kwanza" na "Usiteme mate." Basi mimi, mshona sare za shule, ndiye niliyetafsiri hatari za kuongezwa damu. Maneno mengine niliyaruka, Mungu anisamehe. Wajaluo na Wakamba waliokuwa foleni nao wakanisogelea niwasomee fomu zao.

Ya bima ya afya ya serikali, SHA, sitayamaliza. Asiye na mshahara hulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa kiwango cha chini cha 300 kwa mwezi hiyo ni shilingi 3,600, kwa mama anayefulia watu nguo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya matibabu. Nimekisoma mara mbili, sijaona palipoandikwa "kila mtoto Mkenya."

Pendekezo langu: pale ukumbini kuna runinga mbili, zote zinaonyesha mieleka. Moja iuzwe, alipwe mama mmoja wa Kikongo akae dirishani Jumatatu na Alhamisi, siku za kliniki, na kiti chake kiwe na mto. Kisha kila mtoto wa namna hii apewe karatasi iliyotiwa plastiki, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili: ugonjwa, dawa na kipimo chake, na kwamba homa ikifika 38.5 asipangwe foleni.

Ya kwanza nimeshaitengeneza mwenyewe kwa mpiga picha pale Masimba. Jina la mtoto nimeliandika kwa herufi kubwa.

Mshona sare,
Kayole, Nairobi