Barua ya malalamiko: wimbo tuliourekodi si ule mliouachia

Kikundi cha Muziki wa Mwambao,
Tanga.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Kurekodi na Kusambaza Muziki,
Dar es Salaam.

YAH: KUBADILISHWA KWA WIMBO WETU BILA IDHINI NA KUANDIKIWA WATUNZI WASIOHUSIKA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni katibu wa kikundi kilichorekodi wimbo katika studio yenu kwa mkataba wa maandishi, na nakuandikia kwa niaba ya wanakikundi wote baada ya mazungumzo ya simu na prodyuza wenu kushindwa kutufikisha popote. Lalamiko letu ni moja, ingawa lina matawi. Wimbo tuliowaachia ulibadilishwa baada ya sisi kuondoka, kuanzia mdundo hadi sauti ya muimbaji na mashairi yenyewe, kisha ukaachiwa mtandaoni bila ridhaa yetu, na kwenye nafasi ya mtunzi yakaandikwa majina ya prodyuza na ya kampuni.

Naona ni lazima nieleze wimbo huo ulivyoundwa, kwa sababu majibu tuliyopewa kwenye simu yanaonyesha kwamba aliyeushughulikia aliamini amepokea sauti tupu inayosubiri kutafutiwa biti. Haikuwa hivyo. Wimbo ulikuwa umekamilika kabla hatujapanda gari kuja Dar es Salaam. Umesimama juu ya mdundo wa chakacha, ile ngoma ya wanawake katika harusi za pwani, ambao kwa maandishi ya muziki ni sita kwa nane. Ngoma ya vumi inashika chini, chapuo inajibu juu yake, tari inajaza katikati, gitaa la besi linatembea na vumi, na fidla ndiyo inayomtangulia muimbaji kila anapoingia ubeti mpya. Hatukudai kwamba tumevumbua jambo geni. Bendi za Mombasa zilikwisha kuutia mdundo huo kwenye muziki wa kucheza wa magitaa na vinanda katika miaka ya 1980, na hapa kwetu Tanga vilabu vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vimeshaingiza magitaa ya umeme katika taarabu zamani kabla ya hapo. Tulichotaka ni wimbo wa vijana wa leo ambao mama zao pia wangeweza kuuchezea ukumbini.

Fundi mitambo wenu aliyerekodi sesheni zetu alilielewa jambo hilo na namtaja kwa heshima. Alikubali wapiga ngoma wakae chumba kimoja, watazamane, wapige pamoja, badala ya kila mmoja kuingia peke yake akifuata kliki masikioni. Aliweka maikrofoni moja kwa kila ngoma na mbili za juu kwa ajili ya chumba, akarekodi kwa ubora wa kidijitali wa biti 24, na alipomaliza alitupa kwenye flashi mikisi ya awali, yaani mchanganyo wa kwanza wa sauti na ala zote, ili tuisikilize nyumbani. Mikisi hiyo tunayo, na ndiyo kielelezo chetu cha kwanza. Kila badiliko nitakalolieleza hapa linaonekana kwa kuisikiliza mikisi hiyo na masta (toleo la mwisho) mliyoiachia, moja baada ya nyingine, bila kuhitaji mtaalamu.

Naanza na mdundo, kwa kuwa ndipo palipoumizwa zaidi. Katika chakacha, ndani ya kila pigo kuu mna vipigo vidogo vitatu vilivyo sawa kwa sawa. Prodyuza wenu alizipitisha ngoma zetu kwenye programu inayovuta kila kipigo hadi kwenye mstari ulio karibu nacho, na mistari hiyo aliipanga igawe pigo kuu mara nne, kama ilivyo katika biti nyingi za klabu. Tatu haiwezi kukaa katika nne. Kipigo cha pili, ambacho mahali pake ni kwenye theluthi ya kwanza ya pigo, kilivutwa hadi kwenye robo, yaani kikawahi. Cha tatu, ambacho mahali pake ni kwenye theluthi ya pili, kilisukumwa hadi kwenye robo tatu, yaani kikachelewa. Kila kimoja kimehama kwa sehemu moja ya kumi na mbili ya pigo, na kwa kasi tuliyorekodia, mapigo 104 kwa dakika, hiyo ni karibu sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Anayesikiliza kwa juu juu huenda asiweze kusema kilichoharibika, lakini kiuno cha mchezaji kinajua papo hapo. Tulipoucheza wimbo huo mbele ya kina mama wa mtaani kwetu ambao chakacha wameirithi, walisimama, wakajaribu, wakakaa. Baada ya kuzinyoosha ngoma hizo, prodyuza aliona, kwa haki kabisa, kwamba sasa hazina uhai, ndipo akazishusha sauti hadi zikawa mnong'ono na juu yake akaweka kiki ya kompyuta, yaani mlio wa ngoma nzito ya biti. Kwa maneno mengine, alitibu maradhi aliyoyaleta mwenyewe, na sasa anaidai dawa hiyo kuwa utunzi wake.

Wazee wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walitoka Tanga wakaenda kurekodi Nairobi kwa sababu hapa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi nyingine nyingi zilipiga moja kwa moja mbele ya maikrofoni za Radio Tanzania. Waliporwa mengi katika malipo, hilo halibishaniwi. Hata hivyo, mdundo waliopiga ndio uliobaki kwenye rekodi, kwa kuwa hapakuwa na mtambo wa kuhamisha kipigo cha mtu akiwa amekwisha kwenda zake. Sisi tumefika katika zama ambazo mtambo huo upo, na ndiyo sababu mkataba wetu ulikuwa na kifungu kinachosema kwamba mikisi ya mwisho itaidhinishwa na kikundi kabla ya kuachiwa. Kifungu hicho kiliandikwa na kampuni yenu yenyewe. Hakikutekelezwa.

Kuhusu sauti, muimbaji wetu mkuu amelelewa katika taarabu, na uzuri wa uimbaji wake uko katika namna anavyofika kwenye noti: hupanda kutoka chini yake, huizunguka, na mara nyingine hutua mahali ambapo kinanda hakina kibonye. Programu ya kurekebisha sauti ya aina ya Auto-Tune, ambayo imekuwako tangu 1997, hufanya kazi kwa kuisogeza kila sauti hadi kwenye nusutoni (hatua ndogo kabisa ya kinanda) iliyo karibu, na ikiwekwa iwahi sana huondoa kila mteremko uliokuwa kati ya noti moja na nyingine. Hatuipingi programu hiyo. Wasanii wengi wa Bongo Fleva huitumia kwa makusudi kama rangi ya wimbo, na wengine hupendeza. Lakini kuiweka kwa kasi yake ya juu kabisa kwa muimbaji ambaye hakuimba noti isiyo yake ni kumsahihisha mtu ambaye hakukosea, na matokeo yake ni kwamba fidla, ambayo haikuguswa, inacheza mizunguko ya kitaarabu huku sauti inayoifuata ikipanda ngazi za kinanda. Vitu viwili vilivyokuwa vikizungumza sasa vinapishana.

Mashairi nayo hayakusalimika. Yalitungwa kwa mizani kumi na sita kwa kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, mishororo minne kwa kila ubeti. Ubeti wa kwanza katika toleo lenu una mishororo miwili tu, kisha kiitikio kinaingia ghafla. Prodyuza alitueleza kwamba Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, kwa hiyo kiitikio lazima kiwahi. Hoja hiyo ya kibiashara tunaielewa, na angetuuliza tungeweza kuanza na kiitikio chenyewe, jambo ambalo ni la kawaida katika nyimbo za mwambao. Alichokifanya ni kuukata ubeti kabla ya jibu lake. Mishororo miwili ya mwanzo inauliza swali na miwili ya mwisho inalijibu, na sasa msikilizaji anasikia mwanamke akimtuhumu mumewe bila kusikia kwamba alikuwa akimtania. Tumekwisha kupigiwa simu na jamaa za muimbaji wetu wakiuliza kama nyumbani kwake kuna amani.

Mambo mawili madogo nayapitia haraka. Masta imebanwa sana ili isikike kwa kishindo, ilhali Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, huisawazisha sauti ya nyimbo hadi takriban LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kishindo hicho hakifiki kwa msikilizaji; kinachofika ni ule msagiko wa fidla. Na jina la studio kutamkwa mwanzoni mwa wimbo ni desturi ambayo hatuna ugomvi nayo, ila kulirudia katikati ya ubeti wa mwisho, juu ya kina, ni kukosa adabu kwa mshairi.

Sasa nafika kwenye umiliki. Katika taarifa mlizowasilisha kwa wasambazaji wa kidijitali, mtunzi wa wimbo ni prodyuza wenu, mmiliki wa rekodi ni kampuni, na sisi tumetajwa kama waimbaji waalikwa. Tulipoweka kipande cha mikisi ya awali kwenye ukurasa wetu wa YouTube, mfumo wa Content ID ulikitambua kuwa mali yenu, na mapato yake yakaelekezwa kwenu. Prodyuza alituambia kwamba ushahidi wa umiliki ni ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiomba. Naomba ieleweke kwamba ISRC, yenye alama 12 za herufi na tarakimu, huitambulisha rekodi fulani ili isichanganywe na nyingine. Haimtaji aliyetunga maneno wala aliyebuni melodi yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha haki za mtunzi na haki za watumbuizaji na watayarishaji wa rekodi, na Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1994, unampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina lake na ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizo hazisubiri usajili. Kuhusu rekodi yenyewe, mkataba wetu unasema itakuwa ya kikundi malipo yakikamilika, nayo yalikamilika kabla ya wimbo kuachiwa, kama risiti zilizoambatishwa zinavyoonyesha.

Prodyuza anaweza kusema, kama alivyosema kwenye simu, kwamba biti ni lake. Kiki ya kompyuta ni yake na tuko tayari aichukue. Iwapo angeombwa kupanga wimbo upya na akafanya hivyo, tungemwandika kama mpangaji wa muziki na kumlipa kwa kazi hiyo, kwa kuwa upangaji ni kazi halali yenye stahili yake. Hakuna aliyemwomba, na mpangaji hata akiombwa hageuki kuwa mtunzi wa maneno na melodi alizozikuta.

Kwa sababu hizo tunaitaka kampuni iuondoe wimbo huo katika majukwaa yote na kufuta dai la Content ID juu ya ukurasa wetu. Tunaitaka pia itukabidhi faili ghafi za sesheni zote kwa WAV, kila ala na kila sauti peke yake, kama zilivyokuwa kabla ya kunyooshwa na kurekebishwa, si MP3 ya jumla kama ile tuliyotumiwa kwa WhatsApp. Mapato yaliyokwisha kupatikana yatolewe hesabu kwa maandishi na kulipwa kwa kikundi. Hatudai kurudishiwa fedha za kurekodi, kwa kuwa urekodaji wenyewe ulifanywa vizuri. Tunachotaka ni kile kilichorekodiwa. Endapo kampuni itapenda kumaliza kazi kwa mujibu wa mkataba, tutakubali wimbo ufanyiwe mikisi upya na yule fundi mitambo wa awali, wapiga ngoma wetu wakiwepo, na usiachiwe hadi tutakapoweka saini.

Tunatarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu barua hii kupokelewa. Muda huo ukipita bila majibu, tutaliwasilisha shauri hili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania pamoja na mikisi ya awali, nakala ya mkataba, risiti na daftari la mashairi, na tutawaarifu wasambazaji wa kidijitali kwamba umiliki wa wimbo unabishaniwa.

Wako katika kazi,

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi wote.

Nakala: Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Viambatisho: mikisi ya awali kwenye flashi, nakala ya mkataba, risiti za malipo, nakala ya mashairi kamili.