Barua ya wazi kwa vijana wa Dodoma: mjipime kwa kipimo cha kweli

Vijana wangu mlio vyuoni, mlio kwenye bodaboda na mlio sokoni Majengo, mbukwenyi.

Nawaandikia nikiwa bibi yenu na muuguzi mstaafu, kwa sababu ya maneno ambayo nimeyasikia kwa vijana wengi mno: "Mimi si teja, natumia kidogo tu." Anayeyasema huwa amekwisha kujilinganisha na yule aliyelala mtaroni, na kwa kuwa yeye bado anaoga, anavaa vizuri na kuamkia kazini, anajihesabu kuwa salama. Kipimo hicho kinapotosha, kwani hata siku moja hutamkosa mtu aliyeharibikiwa kuliko wewe.

Wataalamu wa afya ya akili wana orodha inayotumika sana ya dalili 11 za matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, ambazo hutazamwa ndani ya kipindi cha miezi 12. Dalili 2 zinatosha kusema kuna tatizo, ingawa la kiwango cha chini, na zikifika 6 tatizo ni kubwa. Kulala mtaroni hakumo katika orodha hiyo. Yaliyomo ni mambo ya kawaida kabisa: kwamba ulikusudia chupa mbili ukamaliza sita, kwamba kiasi kilichokutosha mwaka jana leo hakikufikishi popote, kwamba hesabu ya bosi wa pikipiki inapungua au boomu, ile fedha ya mkopo wa chuo, linakwisha mapema na mambo uliyopaswa kuyatimiza yanalala, kwamba uliacha mpira, kwaya au masomo ya jioni kwa sababu ya kijiwe, kwamba unaendesha pikipiki ukiwa umelewa ukijua hatari yake.

Dalili ninayowasihi muitazame kwa makini zaidi ni ile ya kujaribu kupunguza na kushindwa. Mtu anayesema anaweza kuacha wakati wowote akumbuke mara ya mwisho alipojaribu, alidumu siku ngapi, na katika siku hizo alikuwaje: alilala, alikula, aliongea na wenzake bila hasira? Asiyewahi kujaribu hana msingi wa kusema anaweza. Ajiwekee majuma kadhaa bila bangi, bila mirungi au bila pombe, amweleze mtu mmoja anayemwamini, kisha aangalie mwili na akili vinamdai nini.

Hata hivyo, jaribio hilo si la kila mtu. Anayekunywa sana kila siku, ambaye asubuhi mikono hutetemeka na jasho kumtoka mpaka apate pombe, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwa sababu katika siku za mwanzo anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na hata kufa. Huyo aache chini ya uangalizi wa hospitali. Kwa anayetumia unga, yaani heroini, arosto, yale maumivu ya kuikosa, humtesa sana, lakini hatari kubwa zaidi huja baadaye: akikaa muda bila kutumia kisha akarudia kipimo chake cha zamani, mwili uliokwisha kupoteza uzoefu unaweza kuacha kupumua.

Hapa kwetu watu wanaogopa kuonekana wakiingia Mirembe, na woga huo umewachelewesha wengi niliowafahamu. Hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili ina kituo cha Itega kinachohudumia walioathirika na dawa za kulevya, na wanaotumia heroini hupewa methadoni, tiba iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011 pale Muhimbili. Kama Mirembe inakutisha, anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe kuonana na daktari faragha.

Utaulizwa unatumia nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Usipunguze hata kidogo kwa aibu, na kama unachanganya pombe na vidonge useme, maana daktari hupanga dawa na kipimo chake kwa kufuata majibu hayo.